Ni Nani Aliyesema "Kata"?

Jumapili, wiki ya mwisho ya Julai. Baridi. Jua la hapa Free Area, mtaa wetu wa Nakuru, limechungulia saa tano, likatuona, likarudi lilikotoka. Nimekaa jikoni na sweta mbili, viganja vyangu vimetoka malengelenge, na mgongo umekataa kabisa kushirikiana nami. Mbele yangu mezani kuna kibuyu kisicho changu.

Kibuyu nitakifikia. Kwanza niungame, maana nisipoungama hapa nitaishia kuungama kwa majirani, na majirani zangu nawajua.

Alhamisi nilimruka mtu kimanga. Mama wa watu alinipigia simu kutoka Olenguruone, akaniuliza swali moja, nami nikamjibu bila hata sauti kutetemeka: si mimi niliyesema, ni mashine.

Tangu siku hiyo sentensi hiyo haijaniacha nilale vizuri.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: naitwa Nyokabi, nauza viazi. Biashara ilikuwa ya marehemu baba yangu, Ndegwa, aliyeianza kabla sijajua kutembea. Alinunua viazi kwa wakulima wa Olenguruone, kule juu kwenye milima ya Mau, akaviteremsha hadi Nakuru kwa watu wa sokoni na wa chipsi. Jina lake bado liko kwenye mlango wa stoo, na ndilo linalotokea kwenye simu ya biashara mkulima akituandikia. Sikulibadilisha. Jina la Baba lilikuwa likifungua malango ambayo langu lingebisha hodi mpaka jioni.

Ili mnielewe, lazima niwaeleze jinsi viazi vinavyonunuliwa kule. Viazi havichimbwi tu hivi hivi. Vikikomaa, mkulima hukata majani yote, akaviacha ardhini kama wiki mbili ili ngozi ikaze, ndipo avichimbe, la sivyo vitachubuka njiani kote. Ukishakata majani hakuna kurudi nyuma. Viazi haviongezeki tena, na mvua ya Mau ikivikuta chini vikingoja, vinaanza kuoza. Kwa hiyo hakuna mkulima anayekata kabla mnunuzi hajasema kata. Neno hilo ndilo mkataba, bila karatasi wala muhuri.

Lakini watu wa kule hawakuwa wakiridhika na neno tupu. Mnunuzi, au mtu aliyetumwa naye, alipaswa kuingia shambani na panga akate mstari wa kwanza kwa mkono wake, ule ulio karibu na lango. Mstari wa kwanza ni wa mnunuzi. Akishaukata, viazi ni vyake, mvua inyeshe isinyeshe. Nilimwona Baba akiukata mara nyingi, shule zikiwa zimefungwa, nimekaa kwenye hatua ya lori nikila mahindi ya kuchoma, na pareto imechanua nyeupe ng'ambo ya barabara. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani mabichi ya viazi namsikia Baba akihema, akinyoosha mgongo, akimwambia mwenye shamba, "Haya, hiyo imeisha."

Baba hangeweza kuwa kila kilima. Ndiyo maana alikuwa na Kiprono.

Kiprono alikuwa mzaliwa wa kule, mrefu, mpenda chai, mtu wa kusalimia mpaka mbuzi. Baba alimpa panga lililofungwa mpini kwa mpira mwekundu, na panga hilo lilijulikana kila mahali. Lilipokata, Ndegwa alikuwa amenunua. Kulikuwa na miaka ile mibaya ya ghasia za uchaguzi ambapo watu wa huku mjini na watu wa kule juu walikuwa wakiogopana. Miaka hiyo Kiprono alikuwa akipiga simu kwenye duka la jirani yetu, Baba anaitwa mbio, naye anaambiwa: wiki hii usipande huku. Au: panda, lakini ulale kwangu. Baba alipanda, akalala kwake, akarudi na viazi.

Nawakumbuka wawili hao kuliko ninavyopenda kukubali.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la sita, soko lilikuwa limelala na stoo imejaa. Baba alimwambia Kiprono kwa maneno ambayo hata mimi niliyasikia: usikate popote. Kiprono akaenda kwa wakwe zake, kusalimu tu, panga likiwa mkononi kama kawaida. Baba mkwe akampeleka hadi langoni mwa shamba, mbele ya wazee na mbele ya mkewe, akamwonyesha kwa fimbo: mkwe wangu, mstari ni ule. Mnaojua mambo ya ukwe mtaelewa. Kiprono angekubali kumeza panga lenyewe kuliko kusema hapana pale. Akakata.

Habari zilipomfikia Baba alikasirika hata chakula kikamshinda. Lakini Jumanne lori lilipanda. Mama alimuuliza kwa nini anachukua viazi ambavyo hakuagiza, na Baba akajibu akiwa anafunga viatu: "Panga ni yangu. Kama imekata, nimekata."

Viazi vikajaa stoo, vikajaa veranda, vikaingia chumbani kwetu. Nililala muda mrefu na magunia matatu chini ya kitanda, nikisikia panya wakifanya mkutano. Tulikula mukimo, viazi vya kuchemsha, viazi na maharagwe, viazi na viazi. Shuleni nikabandikwa jina Waru, yaani viazi kwa Kikuyu, na aliyelianzisha ni Zubeda, tuliyekaa naye dawati moja. Mtakutana naye hapa chini, bado hajaomba msamaha.

Na Kiprono? Baba alimwita nyuma ya stoo, akamwambia aliyomwambia, na kwa sauti ile nadhani mtaa mzima uliambiwa. Walitoka wote wawili macho mekundu, wakanywa chai. Lakini kule juu, mbele ya yule baba mkwe, Baba hakuwahi hata siku moja kusema kwamba Kiprono hakuwa ametumwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani anaona haya tu.

Baba alifariki. Baada yake nilifanya kazi na Kiprono miaka michache, kisha naye akafariki. Mjane wake alinitumia lile panga kwa lori, limefungwa kwa gunia, na ujumbe kwamba ni mali yetu. Nililiweka juu ya kabati la jikoni na sikumtafuta mtu mwingine. Nilijiambia ni kwa sababu ya majonzi. Ukweli ni kwamba mtu huugua, huomba ruhusa ya mazishi, hunywa chai muda mrefu. Na ana wakwe.

Mashine haina wakwe. Nililisema hilo kwa sauti siku niliyoinunua, nikacheka peke yangu.

Naiita mashine lakini haina hata nati moja. Ni programu ya akili mnemba, inakaa kwenye simu ya biashara na kuwajibu wakulima badala yangu. Niliipata mwezi wa tatu, kabla ya kupanda. Kampuni iliyoniuzia ilinipa ukurasa mrefu wa masharti, mrefu kuliko mahubiri ya Ijumaa Kuu, nikateremka nao kwa kidole gumba hadi chini na kubonyeza Nakubali. Kisha ikaniambia niipe maelekezo. Nikaandika: jibu kwa heshima. Usimvunje mkulima moyo. Akiuliza kama tunanunua, mwambie ndiyo. Lori letu hupanda Jumanne.

Niliandika hivyo kwa mikono yangu hii. Kisha mwezi wa sita nikapata viazi karibu, Njoro, nikaacha kupeleka lori Olenguruone, na sikukumbuka kuiambia mashine. Nilikuwa hata nimeacha kusoma inachojibu. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri sana, na kitu kikifanya kazi vizuri mimi hukisahau.

Alhamisi, basi, simu ikalia. Mama Chepkorir. Baba alikuwa akinunua kwake, ndiye mwenye shamba la mteremkoni, lango la mbao. Hatukuwa tumeongea tangu matanga ya Baba.

"Nyokabi, hiyo lori yako imepotea wapi? Viazi iko nje tangu Jumanne. Nimefunika na nyasi lakini mvua inakuja kila saa tisa."

Nikamwambia sijatuma lori. Akasema, "Lakini niliambiwa. Niliambiwa nikate, nikakata. Niliambiwa Jumanne, nikaita akina mama wa kuchimba, tukachimba karibu yote, tukangoja."

Nikafungua mazungumzo kwenye simu ya biashara huku anaongea. Yote yalikuwa pale. Na hapo ndipo nilipoisema ile sentensi.

"Mama, hiyo si mimi nilisema. Ni mashine inajibu watu."

"Mashine? Lakini si imeandikwa hapa Ndegwa?"

Nilisema nitampigia baadaye. Sikumpigia. Nilipika chai nikaimwaga, nikafagia stoo iliyokuwa imefagiliwa. Kule juu, wakati mimi nafagia, mvua ya saa tisa ilikuwa inanyeshea jasho la mama mwenye umri wa mama yangu. Nililijua hilo na bado nikaendelea kufagia.

Ijumaa nilienda mtaa wa Kiamunyi kwa Zubeda. Familia yake ni ya asili ya pwani, lakini wako Nakuru tangu babu yake, na yeye ni wakili. Nilienda kutafuta mtu wa kuniambia simo lawamani. Niseme ukweli, nilikuwa nimevaa hadi kitambaa kizuri, kana kwamba Zubeda ndiye hakimu.

Alisoma mazungumzo kwa sauti, na mahamri mkononi. Mama Chepkorir ameandika: viazi imekomaa, nikate? Mashine: ndiyo mama, kata majani wiki hii, lori letu litakuja Jumanne baada ya wiki mbili. Mama: nani atakuja kukata mstari ya kwanza? Mashine: usijali mama, endelea tu, tuko pamoja. Mama: asante msichana yangu, wewe uko na heshima. Mashine: asante mama, Mungu akubariki.

Zubeda akaweka simu chini. "Mashine yako inabariki watu?"

"Mimi niliiambia iwe na heshima."

"Imekupita wewe."

Baada ya kunicheka vya kutosha akageuka wakili. Aliniambia kesi kama yangu hajawahi kuifikisha mahakamani, na kwamba akiifikisha, hakimu atashika sheria za zamani za watu na mikataba yao na kujaribu kukivisha kitu kipya sheria hizo. Yapo mavazi kadhaa, alisema. Hakimu anaweza kusema mashine ni chombo tu, kama kalamu: aliyeandika ni mwenye kalamu, basi ni mimi. Anaweza kusema ni kama wakala, mtu uliyemtuma, na hapo aulize ulimtuma afanye nini. Na kuna wasomi wanaosema hata ipewe utu wake yenyewe, kama kampuni, ambayo si mtu lakini inashtakiwa.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nicheke mimi. Mama Chepkorir aishtaki mashine? Ashinde, halafu achukue nini? Haina ng'ombe. Haina ploti. Itambariki tena.

"Sasa wewe unataka nini?" Zubeda akaniuliza.

Nilimwambia nataka kujua kama naweza kutoka. Akasema ndiyo, pengine naweza. Mle chini kabisa kwenye wasifu wa biashara unaoonekana kwa mkulima, chini ya picha ya stoo, kampuni iliweka mstari mdogo kwamba majibu ni ya kompyuta na hayamfungi mwenye biashara. Mama Chepkorir hakuuona, lakini uko. Wakili mzuri angeushika huo na kuuvuta. Na nikitaka kuigeuzia kampuni kibao, nayo ina ule ukurasa niliobonyeza Nakubali, unaosema lolote mashine itakalosema ni juu yangu.

"Yaani kila mtu ana karatasi ya kumtoa," nikasema, "isipokuwa yule aliyechimba."

Zubeda akanimiminia chai. Kisha akanijaribu, kama afanyavyo tangu shuleni: je, mashine ingemwahidi mama kwamba tutampa lori lenyewe, liwe lake, ungempa? Nikasema hapana, hakuna mtu angeamini hilo, wala Mama Chepkorir mwenyewe. Lakini yeye aliambiwa jambo ambalo Ndegwa amemwambia miaka yote, kwa jina la Ndegwa, siku ya lori la Ndegwa. Angeacha kuliamini kwa nini? Zubeda akatikisa kichwa taratibu, akasema kwamba mimi Waru nimeanza kuwa wakili.

Nikamuuliza yeye, kama ndiye anayetunga sheria hiyo, angeandika nini. Akasema anaogopa kuandika haraka, mashine zinabadilika kila mwezi. Anaogopa pia kwamba tukiwabebesha wenye biashara ndogo kila kitu, watu kama mimi watavunjika kwa kosa moja na wenye mashine wakubwa wataendelea kuuza. Hapo nilimpenda, maana hilo ndilo lililokuwa limenikaa kooni. Mimi si tajiri. Mashine sikuiunda mimi, na hakuna aliyeniambia kwamba itaahidi.

Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikamkumbuka Baba akifunga viatu.

Baba hakuwa wakili. Alisoma hadi darasa la nne. Lakini aliligawa jambo lile sehemu mbili kwa namna ambayo mimi na Zubeda tulikuwa hatujaigawa. Mbele ya mkulima, panga limekata, Ndegwa amekata, mazungumzo yameisha. Nyuma ya stoo ndiko kulikokuwa na ugomvi wa nani alikosea na nani abebe nini. Na ugomvi ule ulikuwa wa kweli, Kiprono hakusamehewa bure. Ila mkulima hakuachwa langoni angoje wao wamalize.

Nadhani, mimi muuza viazi, kwamba sheria ingeanzia hapo. Aliyetundika jina lake juu ya mashine, ndiye aliyesema, alimradi kilichosemwa ni kitu mtu mwenye akili zake angekiamini. Mkulima apate haki yake kwanza. Kisha mimi na kampuni twende nyuma ya stoo, na huko ule ukurasa wa Nakubali usiwe ukuta. Waliojua mashine inaweza kuahidi na hawakuniambia, wabebe sehemu yao. Mimi niliyeiambia isimvunje mtu moyo kisha nikalala, nibebe yangu. Na mashine iseme ni mashine, si kwa maandishi madogo chini ya picha, iseme mwanzoni kabisa, kama mtu anavyotaja jina lake akibisha hodi.

Sijui kama wakubwa watakubali. Zubeda anasema itachukua miaka. Viazi vya Mama Chepkorir havikuwa na miaka.

Jana Jumamosi, alfajiri, nilikodi lori. Nilipanda juu ya kiti nikatoa panga juu ya kabati. Mpira mwekundu umepasuka kidogo lakini bado umeshika. Sikujua nalipeleka kufanya nini, majani yalikuwa yameshakatwa. Nilijisikia mjinga kulibeba na nikalibeba.

Baada ya Molo ukungu ulikuwa umefunga barabara. Mashamba ya pareto niliyoyajua sasa mengi ni mahindi na nyumba za mabati. Nilikuwa nikimwonyesha dereva: hapa Baba alipata pancha, hapa Kiprono alitununulia maziwa. Dereva aliitikia kila mahali kwa adabu na nadhani hakusikia hata moja.

Mama Chepkorir alikuwa langoni. Amezeeka. Shali la kijivu, viatu vya gambuti, mikono nyuma. Alitusalimia mimi na dereva vizuri sana, na salamu zile ziliniumiza kuliko matusi. Nikaanza hotuba niliyokuwa nimeitunga tangu Njoro, kwamba mama nimekuja, yale ya Alhamisi, akanikatiza.

"Kuja kwanza uone."

Viazi vilikuwa chungu tatu ndefu chini ya nyasi na karatasi za nailoni. Ile ya juu ilikuwa nzuri. Ya kati ilikuwa na vilivyoanza kugeuka kijani pembeni. Ya chini, maji yalikuwa yamepita, na nilipoinua nyasi harufu ilinijibu kabla sijauliza. Nilichutama pale nikalia. Sikulia vizuri, nililia kwa kelele. Mama Chepkorir alisimama akingoja nimalize, akitazama upande mwingine ili nisione haya.

Kisha akasema, "Hiyo ingine bado iko kwa udongo. Ile hatukuguza."

Nikamfuata hadi karibu na lango, mahali nilipopita nikiingia bila kutazama.

Shamba lote lilikuwa udongo mtupu, isipokuwa mstari mmoja. Ulikuwa bado umesimama na majani yake, umeanza kuwa wa manjano, umelala huku na huku kwa mvua, lakini umesimama. Mstari wa kwanza.

"Uliambiwa ukate," nikasema.

"Nilikata yangu." Akanyoosha mkono kuelekea mstari ule. "Hiyo si yangu."

Alikuwa ameambiwa na mashine aendelee tu, usijali, tuko pamoja, akakata ekari nzima kwa kuamini, na bado akauacha ule mmoja kwa sababu mtu wa Ndegwa hajafika. Jumanne aliuacha. Jumatano. Hata Alhamisi, baada ya mimi kumwambia ni mashine, aliuacha.

Nikaenda kwenye lori nikaleta panga. Alilitambua kabla sijafika, nikaona kwa jinsi alivyoshika shali. Sijui kukata, Baba hakuwahi kunifundisha, ilikuwa kazi ya wanaume. Nilikata vibaya, nikijikwaa, nikipumzika kila hatua chache, na malengelenge yalianza kabla ya nusu. Hakunisaidia. Dereva alitaka kunisaidia akamzuia. Nilipofika mwisho nikanyoosha mgongo, na maneno yakanitoka yenyewe: haya, hiyo imeisha.

Tulipakia kuanzia saa nne hadi mvua. Vilivyooza nilivihesabu kuwa vyangu sawa na vizuri, na kuhusu hilo hatukubishana. Tukakubaliana kwamba mstari wangu utakaa wiki zake mbili, na nitakuja kuuchimba mwenyewe. Wakati dereva anafunga turubai, Mama Chepkorir aliingia nyumbani akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha yenye mkaa. Akachungulia ndani ya lori, upande wa abiria, kisha akanitazama.

"Na ile msichana yako, hakuja? Yule wa simu. Hii nilimwekea yeye."

Alikuwa amenisikia Alhamisi. Nadhani neno mashine lilimpita, au hakutaka kuliamini, maana alikuwa ameongea na mtu, na mtu huyo alikuwa na heshima, na alimwombea baraka.

Ningeweza kusema amebaki mjini. Lilikuwa jibu rahisi, na mama angefurahi.

"Hakuna msichana, mama," nikasema. "Hakukuwa na mtu. Ni mimi."

Alisimama, kibuyu mikononi. Mvua ilikuwa inaanza kupiga turubai. Alinitazama viganja, akanitazama kwenye viatu vilivyojaa matope, akakitazama kile kibuyu kana kwamba anamuaga mtu asiyekuwepo.

"Basi kunywa wewe," akasema.

Nikanywa nimesimama mvuani, na kilichobaki akaniambia niende nacho.

Leo mchana nimeibadilisha mashine. Sikuitupa, inajua salamu kuliko mimi. Lakini sasa ikiandikiwa inaanza hivi: mimi ni mashine ya Nyokabi, siwezi kusema kata, ngoja aje mwenyewe. Kampuni nimewaandikia barua, Zubeda ameipitia na kuinoa, na huko nyuma ya stoo tutaonana. Nyumba imejaa viazi. Vingine viko chini ya kitanda.

Kibuyu kimeisha na nimekiosha. Baada ya wiki mbili nitakipandisha pamoja nami kwa Mama Chepkorir, na mama yangu, alipokuwa hai, hakuwahi kuniruhusu kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Nimekaa nacho tangu asubuhi nikijiuliza: nitamtilia nini humo?